Kocha wa maisha au mwanasaikolojia? Tuangalie kwanza mpango ulioshindikana

Alikuja ofisini kwangu, kwa mwanasaikolojia, na daftari. Akalifungua mezani kabla hajakaa vizuri. Kurasa za mwanzo zilikuwa na malengo ya kila siku, yote yamewekewa alama ya vema: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kukimbia nusu saa, kutuma maombi mawili ya kazi. Kufikia wiki ya tatu alama zilikuwa za kuhesabika. Wiki ya sita ilikuwa na tarehe tu, chini yake kurasa nyeupe.

"Kocha wangu amejitahidi sana," akaniambia. "Tatizo ni uvivu wangu."

Nikamuuliza analalaje. Akasema anashtuka saa tisa usiku, hapati tena usingizi mpaka kunakucha. Chakula anakula kwa sababu kimeletwa. Marafiki kawakwepa. Miezi miwili sasa.

(Nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane, ila watu wenye daftari kama lile nimewaona wengi.)

Huo si uvivu. Ili tuseme mtu ana sonona, yaani depression, tunataka dalili zilizodumu walau wiki mbili, karibu kila siku, na miongoni mwake lazima iwepo huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyafurahia. Yeye alikuwa na yote mawili. Nikampa pia dodoso la PHQ-9 la kupima uzito wa sonona, lenye maswali tisa na alama kuanzia 0 hadi 27. Mtu akifika 10 hatumwachii aondoke hivihivi. Kisha nikamwomba aende kwa daktari apimwe damu, maana upungufu wa damu na tezi ya thairoidi iliyolegea huweza kumchosha mtu namna hiyohiyo.

Mtandaoni utasoma kwamba kocha anashughulika na kesho, mwanasaikolojia na jana. Ni rahisi kukumbuka, lakini inapotosha. Tiba ya utambuzi na tabia, ambayo Aaron Beck alianza kuijenga miaka ya 1960 huko Marekani, muda mwingi inahusu wiki hii: ulifikiri nini Jumanne bosi alipokunyamazia, ukafanya nini, Jumanne ijayo utajaribu nini. Kazi za nyumbani zipo, ratiba ipo. Ukituchungulia dirishani utadhani ni kocha na mteja wake. Tofauti inaonekana ukurasa ukibaki mweupe: kwangu ule weupe ni dalili, nami nimesomea kuuliza unatokana na nini.

Neno lenyewe, kocha, asili yake ni gari la farasi, lililopewa jina la kijiji cha Kocs huko Hungaria. Gari hukufikisha unakotaka kwenda. Lakini kwanza uweze kunyanyua mguu ulipande.

Kwa hiyo anayeniuliza aende wapi namuuliza swali moja: mpango wako wa mwisho uliharibikia wapi? Kama hukuwa nao, au ulikuwa nao ukakosa wa kukufuatilia, au unasita kati ya njia mbili ambazo zote unaziweza, tafuta kocha. Kama mpango ulikuwa mzuri, ukautaka kwa dhati, na ilipofika saa ya kuutekeleza moyo ukaenda mbio, mwili ukagoma, au ukajikuta umerudi kwenye chupa, basi kuongezewa malengo kutakuongezea aibu tu. Na kama mawazo ya kujiua yameanza kukujia, acha kulinganisha. Nenda hospitali leo, na mtu wa karibu akusindikize.

Nasi tunakosea upande wetu. Kuna mama mmoja nilikaa naye miezi minane tukichimba utoto wake, kumbe alichohitaji ni mtu wa kumsaidia kupanga namna ya kuacha kazi na kufungua biashara yake. Alilala vizuri, alicheka, alikula. Nilimshikilia kwa sababu mazungumzo yetu yalikuwa matamu. Ilipasa nimpeleke kwa kocha tangu mwezi wetu wa pili.

Ila kocha achaguliwe kwa macho makavu. Katika nchi nyingi yeyote anaweza kujiita kocha leo jioni na kesho akapokea wateja. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa 1995, hutoa vyeti vya ngazi tatu vinavyodai saa 100, 500 na 2,500 za kufanya kazi na wateja, lakini kujiunga ni hiari. Hata upande wetu usidanganywe na jina: Uingereza, "mwanasaikolojia tiba" ni cheo kinacholindwa na sheria, ilhali "mshauri nasaha" mtu yeyote anaweza kujiita. Uliza usajili.

Uliza na hili, siku ya kwanza kabisa, kwa kocha na kwa mwanasaikolojia: "Ukiona jambo langu limekuzidi, utanipeleka kwa nani?" Mwenye jibu atakutajia aina ya mtaalamu bila kusita. Akikwambia hajawahi kushindwa na mteja, usilipe kifurushi cha miezi sita.

Yule wa daftari, aliyemleta kwangu ni kocha wake mwenyewe. Alichelewa wiki mbili tatu, lakini alimleta. Tulifanya kazi wiki kumi na sita, na usingizi uliporudi akaniuliza kama anaruhusiwa kurudi kwa kocha. Nikamwambia aanzie ukurasa mpya, na ile saa kumi na moja alfajiri aiache kwanza.