Pomboo katika Ukristo: ana maana gani?

Katika sanaa ya Kikristo ya zamani, pomboo ni alama ya wokovu na ufufuo: mnyama wa baharini anayemchukua mtu aliyezama na kumfikisha pwani salama. Hiyo ndiyo maana yake kwa ufupi. Tatizo ni kwamba wengi wanaoirudia huiambatanisha na Biblia, kana kwamba kuna nabii au mtume aliyeifundisha. Hayupo. Alama hii ilitoka kwa mabaharia wa Kigiriki, ikapitia makaburini Roma, na Wakristo waliipokea pamoja na mambo mengine mengi ya miji waliyoishi.

Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza, maana katika Biblia yake pomboo yumo. Fungua Union Version ya 1952, Kutoka 25:5. Musa anaambiwa apokee kwa Waisraeli vifaa vya kujengea maskani, na pamoja na dhahabu, fedha, shaba, kitani na singa za mbuzi zimetajwa ngozi za pomboo. Kutoka 26:14 yaeleza kazi yake: kifuniko cha juu kabisa cha hema, juu ya ngozi za kondoo waume zilizotiwa rangi nyekundu. Katika Hesabu 4 ngozi hizo hizo zinafunika sanduku la agano na vyombo vitakatifu wakati wa safari. Na katika Ezekieli 16:10 Mungu anaukumbusha mji wa Yerusalemu, kama mume anavyomkumbusha mke aliyemtoa katika unyonge, kwamba alimvika viatu vya ngozi ya pomboo.

Basi. Pomboo ametajwa kwa ajili ya ngozi yake. Haogelei, haokoi mtu, hafananishwi na chochote. Na hata hiyo ngozi ina mgogoro. Neno la Kiebrania ni tahashi, na watafsiri wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Wayahudi walioitafsiri Torati kwa Kigiriki waliona ni rangi, wakaandika ngozi za samawati. Jerome, mtafsiri wa Biblia ya Kilatini, akafuata njia hiyo, akazifanya za zambarau. Luther, na baada yake Biblia ya King James ya 1611, waliweka mnyama wa nchi kavu aliye jamii moja na nyegere. Waingereza waliporekebisha tafsiri yao mwaka 1885 wakasema sili. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, Rabi Meir ana jibu la kupendeza kuliko yote: tahashi alikuwa mnyama wa pekee mwenye pembe moja, aliyetokea siku za Musa ili maskani ijengwe, kisha akafichwa.

Dai la mnyama wa baharini lina msingi wake. Katika Kiarabu kuna neno linalokaribiana na tahashi ambalo hutumika kwa pomboo, na Bahari ya Shamu, ambayo Waisraeli walipita kando yake, ina pomboo na nguva pia. Nguva ana ngozi nene inayofaa kushonea viatu, jambo linalokwenda vizuri na aya ile ya Ezekieli. Mjerumani Eduard Rüppell, aliyechunguza wanyama wa bahari hiyo katika karne ya 19, alikubaliana na wazo hilo kiasi cha kumpa nguva wa huko jina la kisayansi la Halicore tabernaculi, yaani nguva wa hema. Upande wa pili kuna Walawi 11: kila kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba ni chukizo. Pomboo hana magamba. Ni vigumu kuona jinsi ngozi yake ingepandishwa juu ya patakatifu, ingawa wapo wanaojibu kwamba sheria ile ilihusu chakula, si ngozi. Mimi naona ni salama zaidi kutojenga fundisho lolote juu ya aya hizi. Mhubiri anayesema pomboo alifunika maskani kwa hiyo pomboo ni Kristo anayetufunika, anaegemea neno ambalo Biblia nyingine aliyonayo jirani yake huenda haina kabisa.

Yona naye huingizwa humu bila sababu. Kitabu chake kinasema samaki mkubwa, na Mathayo 12:40, Yesu anapolinganisha siku tatu za Yona na kukaa kwake kaburini, Union Version inasema nyangumi. Wakristo wa karne ya tatu na ya nne walipenda sana kumchora Yona makaburini, na kwenye sakafu ya kanisa la Aquileia, kaskazini mwa Italia, yumo ndani ya mozaiki kubwa iliyojaa samaki na wavuvi. Lakini mnyama anayemmeza katika picha hizo ni dubwana la baharini lenye mkia wa kujipinda kama joka, lile ambalo Wagiriki waliliita ketos. Hakuna mchoraji wa wakati ule ambaye angelichanganya na pomboo. Dubwana humeza, pomboo hubeba. Zote mbili zilikuja kuzungumzia ufufuo, kila moja kwa njia yake.

Sasa tuende kwenye asili yenyewe. Herodoto, aliyeandika karne ya tano kabla ya Kristo, anasimulia habari za Arioni, mwimbaji wa kisiwa cha Lesbo. Mabaharia walitaka kumuua wamchukulie fedha zake. Aliomba aimbe wimbo wa mwisho, akasimama na kinubi na mavazi yake yote, akaimba, akajitupa majini. Pomboo akambeba mgongoni hadi rasi ya Tenaro. Zilikuwepo hadithi nyingine za namna hiyo: maiti ya mtoto Melikerte iliyofikishwa pwani ya Korintho, maiti ya mshairi Hesiodo iliyorudishwa nchi kavu na kundi la pomboo ili wauaji wake wajulikane. Kufikia enzi ya Roma, pomboo alichongwa kwenye majeneza ya mawe akiisindikiza nafsi ya marehemu kuvuka bahari hadi visiwa vya waliobarikiwa. Tabia zake zilisaidia. Aliyewahi kupanda mashua Kizimkazi au Watamu amemwona akichomoza, akipumua, akizama, akichomoza tena. Aristoteli alishajua kwamba hupumua hewa na kunyonyesha. Mnyama wa kilindini ambaye uhai wake uko juu ya maji: kwa watu waliozika wapenzi wao wakitumaini kuwaona tena, picha ilikuwa tayari.

Wakristo wa kwanza walikuwa na alama yao ya majini tayari, nayo ni samaki. Herufi za neno la Kigiriki la samaki, ichthys, zilisomwa kuwa mwanzo wa maneno Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Tertuliani wa Karthago, mwandishi wa Kikristo, alisema sisi ni visamaki vidogo, tunazaliwa majini kwa mfano wa Samaki wetu. Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kikristo, kwenye mwaka 200 hivi, aliwaorodheshea waumini picha zinazofaa kuchongwa kwenye pete za muhuri: njiwa, samaki, merikebu yenye upepo mzuri, kinubi, nanga, mvuvi. Pomboo hakumtaja. Lakini watu wa kale walimhesabu pomboo kuwa samaki, tena mwenye kasi kuliko wote, kwa hiyo fundi aliyeombwa samaki hakuona shida kumchonga yeye.

Maana ya pomboo hutegemea kilichowekwa pamoja naye. Akijizungusha kwenye nanga, anakumbusha Waebrania 6:19, ambapo tumaini linaitwa nanga ya roho: aliyebeba waliozama sasa anashikamana na kinachozuia chombo kisipeperuke. Akijizungusha kwenye mkuki wenye meno matatu, kama anavyoonekana katika Katakombe za Kalisto, makaburi ya chini ya ardhi huko Roma, wasomi wengi huuona mkuki ule kuwa msalaba uliofichwa, kwa sababu Wakristo wa siku hizo hawakuuchora msalaba waziwazi mara nyingi. Tafsiri hiyo inaingia akilini, japo mkuki huo huo ulikuwa pia silaha ya Neptuni, mungu wa bahari wa Warumi.

Jiwe moja la kaburi linaonyesha jinsi mambo yalivyochanganyika. Ni la mwanamke aitwaye Licinia Amias, lilipatikana Vatikano, na hukadiriwa kuwa la mwanzo wa karne ya tatu. Juu kuna herufi D na M, salamu ya kawaida ya kipagani kwa roho za wafu. Chini yake kumeandikwa kwa Kigiriki: Samaki wa walio hai. Kisha nanga, na samaki wawili, mmoja kila upande. Aliyeagiza jiwe hilo alikuwa Mkristo, na alinunua kwa fundi aliyekuwa akiwahudumia wote.

Hadithi za watakatifu ndizo zilizompa pomboo kazi ya wazi ya Kikristo. Lusiani wa Antiokia, padri na mwalimu aliyesahihisha matini ya Agano la Kale la Kigiriki, aliuawa Nikomedia mwaka 312. Inasimuliwa kwamba mwili wake ulitupwa baharini ukiwa umefungwa jiwe, na pomboo akauleta ufukweni Drepano. Mwanahistoria Filostorgi anaongeza kwamba Helena, mama wa Konstantino, aliupenda mji huo na kuujenga upya kwa jina la Helenopoli kwa sababu hiyo tu, kwamba shahidi alifikishwa pale na pomboo. Ukimweka Lusiani kando ya Melikerte na Hesiodo utaona ni hadithi ileile. Kilichobadilika ni mwenye kumtuma pomboo.

Martiniani, mkaapweke wa Palestina anayekumbukwa na Wakristo wa Mashariki tarehe 13 Februari, alikuwa akiishi peke yake juu ya mwamba baharini ili aepuke vishawishi. Merikebu ikavunjika, msichana mmoja akaponea kwenye mwamba huo huo. Martiniani akamvuta juu, akamwachia chakula chake, kisha akajirusha majini asikae naye. Pomboo wawili wakambeba hadi nchi kavu. Katika masimulizi haya pomboo si Kristo. Ni mtumishi, kama kunguru waliomlisha Eliya.

Baadaye pomboo akawa pambo. Orodha ya zawadi za Kaisari Konstantino kwa kanisa la Laterano huko Roma, iliyohifadhiwa katika Liber Pontificalis, kitabu cha habari za mapapa, ina taa ya dhahabu safi yenye pomboo 50. Walikuwa sehemu ya umbo la taa. Katika kanisa la San Vitale mjini Ravenna, lililowekwa wakfu mwaka 547, chini ya tao la mbele kuna mozaiki ya miduara 15 yenye nyuso za Kristo, mitume 12, na wafia dini Gervasi na Protasi. Katikati ya kila duara na jingine wako pomboo wawili waliopishanisha mikia. Je, wanahubiri ufufuo, au wanajaza nafasi kwa uzuri? Nadhani yote mawili, na muumini wa Ravenna hakulazimika kuchagua.

Ila kuna mahali ambapo haifai kulazimisha. Frampton, kusini mwa Uingereza, sakafu ya jumba la Kirumi la karne ya nne ilifukuliwa na kuchorwa na Samuel Lysons miaka ya 1790. Ilikuwa na alama ya Kristo, ile ya herufi mbili za Kigiriki za jina lake, na kwenye sakafu hiyo hiyo kichwa cha Neptuni kikizungukwa na pomboo, pamoja na maandishi ya kumtukuza yeye na pomboo wake wawili. Pomboo hao ni wa Neptuni, maandishi yanasema hivyo.

Hata ile picha inayouzwa sana leo kwenye vidani, ya pomboo na nanga, ina wazazi wawili, wa Kikristo na wa kipagani. Mfalme Tito wa Roma aliipiga kwenye sarafu zake mwaka 80, na kutoka kwenye sarafu kama hiyo Aldus Manutius, mchapishaji wa Venisi, aliichukua kuanzia 1502 iwe nembo ya vitabu vyake, akiiambatanisha na msemo wa Kaisari Augusto, harakisha polepole: pomboo ni kasi, nanga ni utulivu. Aldus alichapa Wagiriki na Warumi wa kipagani kwa nembo hiyo, na waandishi wa Kikristo kwa nembo hiyo hiyo.