Mavuno mazuri si ushahidi kwamba samaki ni wengi

Kila ninapowasilisha tathmini ya samaki, swali la kwanza huwa lile lile: ikiwa wavuvi bado wanarudi na mzigo wa maana, kwa nini unasema samaki wanapungua? Ni swali la haki, na linagusa kiini cha kazi yangu.

Samaki wa baharini hawahesabiki mmoja mmoja. Tunafuata dalili, na iliyo rahisi kupatikana ni mavuno kwa juhudi, yaani kilo ngapi zimepatikana kwa kila saa ya kuvua. Modeli nyingi, yaani hesabu za kukadiria wingi wa samaki, hudhani kwamba kipimo hiki hupanda na kushuka sambamba na wingi wa samaki. Ingekuwa kweli kama mvuvi angetupa wavu popote bila kuchagua, lakini mvuvi huenda waliko samaki. Na baadhi ya samaki wa makundi, wakipungua, hujikusanya kwenye maeneo machache yanayowafaa zaidi. Meli yenye sonari, kifaa kinachotafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, itaendelea kujaza nyavu hadi karibu na mwisho, na kipimo kitabaki juu huku samaki wakiisha.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kodi (cod kwa Kiingereza), samaki wa bahari zenye baridi, nje ya pwani ya Newfoundland nchini Kanada. Katika miaka ya 1980, takwimu za meli za biashara zilitia matumaini kuliko zile za meli za utafiti, ambazo hukokota nyavu kwenye vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, penye samaki na pasipo samaki. Tathmini zikakadiria wingi kupita kiasi. Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilisimamisha uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Katazo lilitangazwa kuwa la miaka 2. Liliondolewa 2024.

Kuna mtego mwingine ambao hausemwi sana, nao unanisumbua zaidi. Modeli ya mwanasayansi wa uvuvi Schaefer ya mwaka 1954 ina namba kuu mbili: r, kasi ya samaki kuongezeka, na K, uzito wa samaki wote ambao eneo linaweza kubeba pasipo uvuvi. Mavuno ya juu kabisa yanayoweza kudumu ni r mara K, gawanya kwa 4. Sasa tuseme takwimu zako za miaka 20 zinaonyesha mteremko mtupu, yaani mavuno kwa juhudi yanashuka tu bila kupanda tena. Kundi kubwa linaloongezeka polepole (r 0.2, K tani 100,000) linaweza kuchora mteremko unaokaribiana sana na wa kundi dogo linaloongezeka haraka (r 0.6, K tani 60,000). La kwanza linastahimili tani 5,000 kwa mwaka, la pili 9,000. Kompyuta itachagua jibu moja na kulipamba kwa desimali, ilhali takwimu zenyewe haziwezi kutofautisha haya mawili. Hapo hakuna hesabu ya kukuokoa. Unahitaji taarifa za aina nyingine, kama umri wa samaki unaosomwa kwenye pete za mawe ya sikioni mwao, au kipindi ambacho uvuvi ulipunguzwa ikaonekana wanarudi kwa kasi gani.

Kwa hiyo sipeleki namba moja kwa waamuzi. Nawaonyesha uwezekano wa kundi kushuka chini ya kiwango cha hatari wakiruhusu tani 5,000, kisha wakiruhusu 9,000. Namba ya mwisho itoke kwenye kanuni iliyokubaliwa mapema, samaki wakiwa bado wengi: wingi ukishuka hadi hapa, uvuvi upungue kwa kiasi hiki, bila mjadala mpya. Mwaka wa njaa hakuna anayekubali kupunguza.

Kanuni nzuri pia hupunguza mavuno kadiri mashaka yanavyokuwa makubwa. Mvuvi anayekubali samaki wake wapimwe na mawe ya sikio yachukuliwe anatusaidia kupunguza mashaka hayo, na kundi likithibitika kuwa na afya, kiwango anachoruhusiwa kinaweza kupanda.