Mtoto mmoja na takwimu za wilaya nzima

Nimeletewa bango jingine la kuomba michango ya hisani. Mtoto amekaa kwenye mkeka, anakutazama wewe, na juu ya kichwa chake wamebandika takwimu za wilaya nzima, grafu na mbwembwe zote. "Dokta, tumeweka namba ili wachangiaji wauone ukubwa wa tatizo." Hili ni la nne mwaka huu.

Jamani! Mwaka 2007 watafiti watatu, Small, Loewenstein na Slovic, walichapisha majaribio yao kuhusu kinachowafanya watu wachange. Watu walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakaombwa mchango. Walioonyeshwa Rokia, binti wa miaka 7 wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za njaa, 1.14. Waliopewa Rokia pamoja na takwimu? 1.43. Namba zilimpokonya Rokia mchango wake.

Hapo huibuka wa upande wa pili, nao wananichosha zaidi: "Basi namba ni takataka." Hebu soma jaribio la mwisho la makala ileile. Watu waliopigishwa kwanza vihesabu vya mwendo na muda, visivyohusu njaa hata kidogo, walimpa Rokia pungufu kuliko walioulizwa kwanza habari za hisia. Waliosomeshwa takwimu tupu hawakusogea. Yaani kupiga hesabu hakukuongeza huruma kwa walio wengi, kulipunguza ya yule mmoja. Kwa hiyo namba zina mahali pake: ofisini, kabla bango halijachorwa. Vyandarua au visima? Wilaya ipi? Shilingi ngapi kwa kila mtoto? Hapo nazitaka mpaka macho yaume. Mchangiaji mwonyesheni mtoto, basi.

Ila nisijifanye mjuzi sana. Uchambuzi wa 2016 uliojumlisha tafiti nyingi za aina hii ulikuta kwamba kumwonyesha mtu mmoja kuna athari ndogo mno, uwiano wa 0.05 tu (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili), na waliokuja kurudia jaribio la Rokia hawakuiona tofauti ile. Siku hizi nikifundisha somo hili sauti inashuka yenyewe.

Shangazi alipolazwa, mweka hazina alituma bajeti ya matibabu kwenye grupu la ukoo. Sidhani kama kuna aliyeifungua. Mimi sikuifungua. Niliangalia orodha: kaka mkubwa 50,000 taslimu, binamu 50,000 taslimu, shemeji 50,000 ahadi. Nikatuma 50,000. Nilikuwa nimepanga 20,000.