Karatasi ya CA-125: moshi si lazima nyumba inaungua

Mama mmoja wa upande wa Ahero aliingia kliniki kwangu hapa Kisumu na karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne. Tumbo limejaa maji, mwili umekonda, CA-125 yake, kipimo cha damu, imesoma 640. Alikopimwa aliambiwa hiyo ni saratani ya ovari, ajiandae. Nyumbani walikuwa wameshauza ng'ombe wawili. Tulipochukua kipande cha utando wa ndani ya tumbo na kukipeleka maabara, jibu lilikuwa TB. Alimeza dawa miezi sita, maji yakaisha, na ile 640 ikashuka hadi chini ya 35. Ng'ombe hawakurudi.

CA-125 ni protini. Robert Bast na wenzake huko Boston walitangaza mwaka 1981 kingamwili inayoitambua, na baadaye yuniti 35 kwa mililita zikawa mpaka wa kawaida. Seli za saratani ya ovari huimwaga kwenye damu, lakini utando unaofunika matumbo nao huimwaga ukiudhiwa na chochote: endometriosisi (utando kama wa ndani ya mji wa mimba kuota nje yake), maambukizi ya nyonga, ini lililoharibika, moyo uliochoka, mimba changa, hata hedhi ya kawaida. Huku kwetu lazima uongeze TB. Mtu wa Muhoroni akiona moshi hakimbilii ndoo ya maji. Huuliza kwanza ni shamba la nani la miwa linachomwa.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Saratani ikiwa bado changa, haijatoka kwenye ovari, karibu nusu ya wagonjwa CA-125 yao iko sawa kabisa. Kwa hiyo ukiuziwa "kifurushi cha kupima saratani" na huna dalili yoyote, weka pesa yako mfukoni. Uingereza waliwafuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa miaka mingi, wengine wakipimwa CA-125 kila mwaka, na matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Tumbo linalojaa kwa wiki kadhaa, kushiba baada ya vijiko vitatu vya ugali, kwenda haja ndogo mara kwa mara: hizo ndizo za kukuleta hospitali.

Namba hiyo huanza kusema kitu ikikaa na picha ya ultrasaundi na umri. Tuna hesabu moja ya mwaka 1990 ambayo naipenda kwa sababu haihitaji mashine ya ziada. Picha ikionyesha dalili mbaya mbili au zaidi, kwa mfano sehemu ngumu ndani ya uvimbe na maji tumboni, andika 3. Ikionyesha moja, andika 1. Hedhi ikiwa imekoma, 3. Bado ipo, 1. Zidisha vyote na CA-125. Mama wa miaka 60 mwenye CA-125 ya 40 na picha mbaya anapata 360. Binti wa miaka 29 mwenye 90, picha ya dalili moja, anabaki na 90. Ikipita 200, mgonjwa aende kwa daktari wa upasuaji wa saratani za wanawake, asipasuliwe popote tu. Aliyetisha kwa karatasi ndiye huyu binti. Wa kuharakishwa ni yule mama.

Kwa msichana wa miaka 12 au 14 mwenye uvimbe, CA-125 siianzi. Naomba vipimo vingine vya damu, yaani AFP, homoni ya mimba na LDH, maana saratani za umri huo hutokana na seli nyingine. Tena magharibi mwa Kenya kuna limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ya seli za limfu, ambayo hupenda kuvamia ovari. Hiyo hutibiwa kwa kemo, yaani dawa za kuua saratani. Kumtoa mtoto ovari zote mbili kabla ya biopsi, yaani kuchukua kipande na kukipima, ni msiba.

Baada ya upasuaji, na wakati wa kemo, sasa CA-125 inakuwa rafiki. Hapo naangalia mwendo wake kuliko namba yenyewe. Ikiporomoka haraka katika mizunguko mitatu ya kwanza ya kemo, dalili ni njema. Ikijikokota, najua dawa haifanyi kazi inavyopaswa. Pimia maabara ileile kila mara, kwa sababu mashine tofauti hutoa namba tofauti.

Juzi mgonjwa wangu aliyemaliza kemo mwaka jana alinitumia ujumbe usiku: "Daktari, ilikuwa 9, sasa ni 31. Nianze dawa kesho?" Kupanda hivyo si jambo la kupuuza hata kama bado iko chini ya 35, huweza kutangulia dalili kwa miezi. Ila utafiti uliochapishwa 2010 ulilinganisha walioanza kemo mara tu namba ilipopanda na waliosubiri dalili. Hawakuishi zaidi, walichoongeza ni muda wa kutapika na kuchoka. Nikamwandikia: "Mama, lala. Njoo Jumanne nikushike tumbo, turudie kipimo, tuone kama kuna haja ya skani. Na uje umekula, hiki hakihitaji njaa."