Mkata umeme wa Munich: kumwelewa Paul Lambert

Kila ninapopokea kundi jipya la vijana, siku ya kwanza hatugusi mpira. Tunabanana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, naweka kompyuta juu ya meza, nawawekea fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 1997, Borussia Dortmund na Juventus. Sharti ni moja: mtazameni mwenye jezi ya njano namba 14, mpira uacheni uende zake. Haifiki dakika ya kumi na tano kabla mmoja hajauliza, "Kocha, huyu mbona hafanyi kitu?"

Huyo ni Paul Lambert, Mskoti. Na aliyekabidhiwa kumkaba siku hiyo ni Zinedine Zidane, fundi wa Juventus.

Nafundisha viungo, hasa namba sita, yule anayesimama mbele ya mabeki, kwa hiyo mnisamehe nikianzia katikati ya hadithi. Lakini Lambert haeleweki bila kujua alikotoka, maana huyu hakuandaliwa kuwa mkabaji. Alizaliwa Glasgow mwaka 1969, akakulia Linwood, mji mdogo magharibi ya hapo, na akaanzia St Mirren ya jirani. Akiwa na miaka 17 alicheza fainali ya Kombe la Scotland la 1987, wakaifunga Dundee United 1-0. Kwa kawaida kijana wa namna hiyo hunyakuliwa na vigogo wa Scotland, Celtic au Rangers, kesho yake asubuhi. Yeye alibaki palepale hadi 1993 alipohamia Motherwell, timu ya mji wa chuma, ambako alicheza kama kiungo wa kupanda na kushuka, mara nyingi kulia. Msimu wa 1994-95 Motherwell ilimaliza ya pili nyuma ya Rangers. Msimu huohuo, kwenye Kombe la UEFA, ilikutana na Dortmund na kufungwa nyumbani na ugenini. Kumbukeni jina hilo.

Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ikatoa hukumu ya Bosman: mchezaji aliyemaliza mkataba anaondoka bure, klabu yake ya zamani haina cha kudai. Leo kila kijana wa mtaani anajua maana ya mchezaji huru. Wakati ule watu walikuwa bado wanaisoma sheria yenyewe. Mkataba wa Lambert uliisha kiangazi cha 1996, akabeba viatu vyake na kwenda kufanya majaribio PSV Eindhoven, Uholanzi. Hawakumsajili. Akaenda Dortmund, waliokuwa mabingwa wa Ujerumani misimu miwili mfululizo, na hao wakamchukua. Mtu wa miaka 26, karibu 27, ambaye klabu kubwa za nyumbani zilimwona kila wiki na kumpita, anafanya majaribio kama kijana wa akademi. Mimi sehemu hii huwa naisoma mara mbili.

Kocha wa Dortmund alikuwa Ottmar Hitzfeld, mtu aliyesomea ualimu wa hisabati, na ukitazama timu zake utaamini. Alikuwa na mafundi wa kutosha: Andreas Möller, Paulo Sousa, na nyuma yao Matthias Sammer. Alichokosa ni mtu wa kukubali kazi isiyopigiwa makofi. Akamtoa Lambert pembeni, akamweka mbele ya mabeki.

Kwetu tunamwita kiungo wa aina hiyo mkata umeme. Jina zuri, ila linawapotosha vijana wangu, kwa sababu wanadhani umeme unakatwa kwa shoka. Wanaruka, wanateleza, wanaokota kadi ya njano dakika ya nane. Mkata umeme mwenyewe anasimama kwenye swichi. Umeme haufiki, basi, na hakuna aliyesikia kishindo.

Tazama mnamo 28 Mei 1997, Uwanja wa Olimpiki, Munich. Juventus ndio bingwa mtetezi, wana Didier Deschamps, Christian Vieri, Alen Bokšić, na mipira yao mingi ya hatari inapitia kwa Zidane. Lambert haanzi kumkaba Zidane akiwa na mpira, anaanza mpira ukiwa bado kwa Deschamps. Amesimama hatua mbili upande wa goli lake, mwili umekaa mshazari, jicho moja kwa mpigaji pasi na jingine kwa Zidane. Pasi ikitoka, naye anatoka. Akifika wakati Zidane anatuliza, haingizi mguu. Hapo ndipo ninaposimamisha video kila mara. Ukimwingizia mguu Zidane umempa anachotaka: anauviringisha mpira chini ya soli, anakuzunguka, na wewe umebaki unatazama jina lake mgongoni. Lambert anamwachia mpira na kumnyima kugeuka. Zidane anarudisha nyuma au anatoa pembeni. Kijana wangu anasema hakuna kilichotokea. Ndiyo, na hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Nisiongeze chumvi. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Zidane alifutwa kabisa usiku ule, na si kweli. Kuna shuti lake kipindi cha kwanza liligonga mwamba, na lingeingia leo tungekuwa tunamzungumza Lambert kwa sauti nyingine. Juventus walipata nafasi, na bao la Vieri lilikataliwa kwa kuunawa mpira. Pia hakuwa peke yake: Sousa alikuwa ametoka Juventus mwaka mmoja tu kabla, akiwa bingwa wa Ulaya nao, na alizijua njia zao zote. Kumkaba fundi si kumzuia dakika tisini. Unampunguzia mara anazopata kile anachokipenda, na mara chache zinazobaki unamwomba Mungu na mwamba.

Na jambo ambalo wengi wanalisahau: bao la kwanza lilitoka mguuni kwake. Dakika ya 29 Dortmund walipiga kona, mabeki wakaokoa nusunusu, mpira ukamkuta Lambert upande wa kulia. Akapiga krosi, Karl-Heinz Riedle akatuliza kwa kifua na kumalizia. Kabla ya Dortmund alikuwa mtu wa pembeni, na mguu haukuwa umesahau. Dakika tano baadaye Riedle akafunga la pili kwa kichwa. Alessandro Del Piero alirudisha moja kwa kisigino, halafu kinda Lars Ricken akaingia na mguso wake wa kwanza akampandishia kipa Angelo Peruzzi kutoka mbali. 3-1. Lambert akawa mchezaji wa kwanza kutoka Uingereza yote kutwaa Ligi ya Mabingwa, tangu ilipopewa jina hilo, akiwa na klabu ya ng'ambo.

Njiani kwenda Munich, Dortmund waliitoa Manchester United nusu fainali, 1-0 kwao na 1-0 Old Trafford. Mechi hizo nazo nawashauri viungo wazitafute, ingawa hakuna mtu anayezitazama kwa kujiburudisha.

Novemba 1997 alirudi nyumbani, Celtic wakalipa kama pauni milioni 2. Mashabiki wa Dortmund walimuaga uwanjani na yeye akalia. Alikuwa ameishi kwao kipindi kisichozidi msimu mmoja na nusu!

Celtic walikuwa na shida moja kubwa: Rangers walikuwa wametwaa ubingwa mara tisa mfululizo, wakiifikia rekodi ya Celtic wenyewe, na ya kumi ingeivunja. Tarehe 2 Januari 1998, mechi ya watani, Celtic wakiongoza 1-0, Lambert aliukuta mpira nje ya boksi akaachia mchomo ukaenda juu kwenye kona ya goli. Ubingwa walikuja kuumaliza siku ya mwisho dhidi ya St Johnstone. Chini ya kocha Martin O'Neill walibeba mataji yote matatu ya ndani msimu wa 2000-01, na mwaka 2002 waandishi wa soka wa Scotland walimchagua mchezaji bora wa mwaka. Mwaka 2003 alikuwa nahodha kwenye fainali ya Kombe la UEFA, mjini Sevilla, Celtic wakafungwa 3-2 na Porto ya José Mourinho katika muda wa nyongeza. (Miaka minane baadaye nafasi hiyohiyo ya Celtic ilishikwa na Mkenya, Victor Wanyama. Wanyama alikuwa na nguvu ambazo Lambert hakuwahi kuwa nazo, na ndiyo maana nawaonyesha vijana wote wawili: namba sita hana umbo moja.)

Timu ya taifa alicheza mechi 40 na kufunga mara moja tu. Alikuwepo mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia 1998 dhidi ya Brazil, waliyopoteza 2-1 kwa bao la kujifunga.

Kama kocha nitamgusia kidogo, maana ana kisa kimoja ninachokipenda. Agosti 2009, siku ya kwanza ya msimu, alikuwa na Colchester na akaifumua Norwich 7-1 nyumbani kwao. Kabla mwezi haujaisha Norwich wakamchukua awe kocha wao. Akawapandisha daraja mara mbili mfululizo, kutoka ligi ya tatu hadi Ligi Kuu. Baadaye Aston Villa, Stoke na kwingine hakufanikiwa hivyo.

Turudi mezani. Baada ya swali la "mbona hafanyi kitu", namgawia kila kijana karatasi na peni, nairudisha video mwanzo. Kazi: chora mstari kila Zidane anapopokea mpira na kugeuka akaitazama goli la Dortmund. Mapumziko wananiletea karatasi, na hapo mabishano huanza. Huyu amechora, jirani yake anasema hapana, alikuwa bado amegeuza mgongo. Tunarudisha nyuma sekunde tano, tunatazama tena, na sasa kila mtu anaitazama miguu ya Lambert.