Grande Dixence: maji ya majira ya joto, umeme wa majira ya baridi

Ukiweka pamoja picha ya bwawa la Lac des Dix ya mwezi Septemba na nyingine ya mwishoni mwa Aprili, utadhani ni maziwa mawili tofauti. Septemba maji yamepanda hadi karibu na ukingo wa ukuta. Aprili unaona korongo la mawe na tope, maji yamebaki kule chini. Watu wakiiona picha hii ya pili huuliza ukame ulianza lini. Hakuna ukame wowote. Bwawa limetumika kama lilivyokusudiwa.

Bwawa hili liko katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, nyuma ya ukuta wa Grande Dixence. Likijaa, uso wa maji hufika mita 2,364 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo, sehemu kubwa ya mwaka maji hayatiririki: yamelala kama theluji na barafu. Barafu huyeyuka kuanzia Mei au Juni na maji huja kwa wingi hadi Septemba, wakati ambapo watu hawana shida kubwa ya umeme. Baridi ikiingia, majumba yanahitaji kupashwa joto, taa zinawashwa mapema, na mito imepungua. Kwa hiyo maji ya majira ya joto hukusanywa, kisha huteremshwa kidogo kidogo hadi bwawa libaki karibu tupu kabla theluji haijaanza kuyeyuka tena. Kwetu Afrika Mashariki mabwawa ya umeme husubiri mvua. Haya ya milima ya Alps husubiri jua.

Lakini siri yake kubwa ni urefu wa mteremko. Bwawa lenyewe hubeba mita za ujazo milioni 400 hivi, kiasi ambacho si kikubwa ukilinganisha na mabwawa yetu ya Rufiji au Tana. Tofauti ni kwamba maji yanayoelekea kwenye kituo cha Bieudron, bondeni kando ya mto Rhône, hushuka mita 1,883. Chukua tangi la lita 1,000, lile la juu ya paa. Maji yake yakishuka mteremko huo wote, hufua zaidi ya uniti nne za umeme. Yakishuka mteremko mfupi, tuseme wa mita 120, hata nusu uniti hayafikishi. Ndiyo maana Bieudron ina turbaini tatu tu, za aina ya Pelton (gurudumu lenye vikombe vinavyopigwa na maji), na kila moja inaweza kutoa megawati 423, ilhali kila moja ya turbaini tisa za Bwawa la Julius Nyerere ni ya megawati 235. Rufiji ina maji mengi na mteremko mfupi, Valais ina maji machache na mteremko wa kutisha. Hakuna aliye mjanja kuliko mwenzake: kila mhandisi amepika kwa alichonacho.

Ukuta tunaouona leo si wa kwanza hapo. Kati ya 1929 na 1935 ulijengwa ukuta wa Dixence wenye kimo cha mita 87, ukipeleka maji kwenye kituo cha Chandoline, karibu na mji wa Sion. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Uswisi vilitaka umeme zaidi, na uamuzi ukawa kujenga mwingine mkubwa zaidi, mbele kidogo ya ule wa zamani. Zege la kwanza lilimwagwa 1953, la mwisho 1961. Ule wa zamani haukubomolewa, ulimezwa na maji ya bwawa jipya, na maji yakipungua sana bado huchomoza.

Ukuta mpya una kimo cha mita 285, na hakuna ukuta wa aina yake duniani unaoupita: ule unaosimama kwa uzito wake wenyewe, bila kuegemea milima ya pembeni kama tao. Chini una unene wa mita 200 hivi, juu ni mita 15 tu. Ulitumia zege la karibu mita za ujazo milioni sita. Kokoto ilichimbwa jirani, Prafleuri, na saruji ilipandishwa kutoka bondeni kwenye ndoo zinazoning'inia kwenye waya. Zege halikuweza kumwagwa wakati wa baridi kali, hivyo kazi ilikimbizwa usiku na mchana katika miezi michache ya joto.

Mradi mzima ulifikia kuwa na wafanyakazi wapatao 3,000, wengi wao wakulima wa mabonde ya Valais na vibarua kutoka Italia. Jengo walilolala chini ya ukuta walilipa jina la utani Ritz, kama hoteli ya matajiri. Waliochimba mahandaki ndio walioumia zaidi, maana vumbi la mwamba liliwaharibu wengi mapafu na wengine wakafa nalo miaka mingi baadaye. Kwa maoni yangu, mahandaki hayo ndiyo kazi kubwa kuliko ukuta, ingawa hakuna anayeyapiga picha. Yana urefu wa kilomita 100 hivi, yakikusanya maji ya mito ya barafu (barafu nene inayoteremka polepole mlimani) ipatayo 35, hadi ile ya upande wa Zermatt chini ya mlima Matterhorn. Maji yaliyo chini mno husukumwa juu kwa pampu, kisha hujitiririkia yenyewe hadi bwawani.

Mteremko mrefu una hatari yake. Desemba 2000 bomba la kupeleka maji Bieudron lilipasuka, maji na matope vikashuka mlimani na watu watatu wakafariki. Kituo kilifungwa karibu muongo mzima.

Anayetaka kutembelea aende kati ya Julai na Septemba. Kutoka Sion basi hupanda kupitia Hérémence, kijiji chenye kanisa la zege linalostahili kushukiwa njiani, hadi Le Chargeur, chini kabisa ya ukuta. Kutoka hapo kuna gari la waya, au njia ya miguu inayopanda kwa kujikunja. Ziara ya ndani ya ukuta huongozwa. Chukua koti hata kama nje ni jua kali. Humo utaona timazi ndefu zinazopima jinsi ukuta unavyosogea, kwa maana bwawa likijaa, juu husukumwa sentimita kadhaa, na likipungua hurudi. Wageni wengine hushtuka kusikia hivyo. Sisi wa fani ya mabwawa tungeshtuka kama usingesogea.

Kinachotusumbua zaidi ni barafu yenyewe. Katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wa mito yake ya barafu. Kwa sasa kuyeyuka huko kunaongeza maji, lakini akiba inaliwa. Kampuni ya Grande Dixence inapendekeza bwawa jipya, Gornerli, juu ya Zermatt, mahali barafu ya Gorner inapojivuta nyuma. Lingehifadhi maji kwa ajili ya majira ya baridi na kukinga bonde dhidi ya mafuriko, ila watetezi wa mazingira wanapinga kuweka ukuta katika mandhari ambayo haijaguswa. Likijengwa, maji yake yatafika Lac des Dix kwa mahandaki yaleyale ya miaka ya 1950 na 1960.