Je, wajua kwa nini mzee wa chi kung husubiri jua lipande ndipo asimame chini ya mti?

Nilipofika Beijing mara ya kwanza nilikuwa na hakika na jambo moja: mahali pa kufanyia chi kung, mazoezi ya Kichina ya pumzi, ni chini ya mti mkubwa, na saa yake ni alfajiri. Hoja yangu ilikuwa ya shule ya msingi. Miti hutoa oksijeni, magari bado yamelala, basi anayewahi ndiye anayepata hewa bora. Kwa hoja hiyo nilikuwa nikiamka mwezi wa Januari, baridi nyuzi nane chini ya sifuri, naingia bustani ya Hekalu la Mbingu mageti yakifunguliwa tu, nasimama mbele ya msaipresi wa kale na kuvuta pumzi taratibu gizani.

Jirani yangu wa mti alikuwa mzee mmoja. Alifika saa tatu kasoro, mimi nikijifunga skafu kuondoka. Alitundika mfuko na chupa yake ya chai kwenye tawi lilelile kila siku, akauzunguka mti hadi upande wa kusini, akatulia. Siku moja nikamwuliza, "Babu, mbona unakuja hewa nzuri imeshakwisha?" Hakunijibu upesi. Alielekeza kidevu kwenye bomba la moshi ng'ambo ya ukuta. "Kijana, tazama moshi kwanza. Ukiwa umelala, na wewe lala."

Nilidhani ni fumbo, lile la wazee wa Kichina kwenye sinema. Kumbe ilikuwa fizikia.

Kwa asiyeijua, chi kung ni mazoezi ya mwendo wa polepole, pumzi na utulivu wa akili. "Chi" ni hewa, pumzi, hata mvuke. Maandishi yake ya zamani huonyesha mvuke juu ya mchele. "Kung" ni kazi, au ustadi unaotokana na kazi. Mazoezi ya jamii hii ni ya kale sana: katika kaburi la Mawangdui, mjini Changsha, lililofungwa mwaka 168 KK na kufukuliwa mwaka 1973, ilipatikana hariri iliyochorwa watu 44 wakijinyoosha na kujikunja. Jina lenyewe, kama jina la tiba, lilienea miaka ya 1950 kupitia kazi ya Liu Guizhen, aliyefungua kliniki ya mazoezi hayo. Na aliyeitoa hadharani, katika bustani za Beijing, ni mchoraji Guo Lin, mgonjwa wa saratani aliyeanza kuwafundisha wagonjwa wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo bustani na chi kung ni kama chai na sukari.

Turudi kwenye kosa langu, maana nimekutana nalo kwa watu wengi kiasi kwamba sioni aibu tena.

Kosa la kwanza ni la saa. Jani hutengeneza oksijeni kwa kutumia mwanga. Jan Ingenhousz, daktari mzaliwa wa Uholanzi, alilionyesha hilo mwaka 1779: kwenye jua majani huitengeneza hewa, gizani huichafua kidogo, kama tunavyoichafua sisi. Jua la Januari huchomoza Beijing saa moja na nusu hivi asubuhi. Kwa hiyo saa nzima niliyosimama pale nikiunyenyekea ule msaipresi, ulikuwa haunipi kitu. Tulikuwa viumbe wawili tunaovuta hewa ileile, na mmoja wetu alikuwa na miaka mia kadhaa ya uzoefu.

Hapa wengi hukimbilia upande wa pili: basi mti usiku ni hatari, toa maua chumbani, usilale chini ya mwembe. Hapana. Hewa ukaa ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa ya nje. Usiku mtulivu msituni huongezeka kidogo, lakini haifiki ile ya chumba kilichofungwa madirisha wakilala watu wawili. Na hakuna anayemtoa mume nje kwa sababu hiyo.

Kosa la pili ni la kiasi, nalo ndilo kubwa. Hata mchana wa jua kali, oksijeni ya mti mmoja haina maana kwa mtu aliyesimama chini yake. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, chini ya mti au katikati ya uwanja wa mpira. Mtu aliyetulia hutumia robo lita tu kwa dakika, yaani lita saba na nusu kwa nusu saa. Chumba cha mita tatu kwa tatu, kimo mita tatu, kina zaidi ya lita 5,000 za oksijeni. Tena hewa unayoitoa puani bado ina oksijeni asilimia 16 hivi. Hatujawahi kuimaliza.

Halafu kuna damu yenyewe. Kwa mtu mwenye afya, asiye juu sana milimani, nafasi za kubebea oksijeni kwenye damu ya mishipa inayotoka moyoni zimejaa kwa asilimia 95 au zaidi kabla hajaanza zoezi lolote. Ni daladala lililojaa: abiria wakiongezeka mia kituoni, viti ni vilevile. (Nazungumzia daladala la vitabuni, ambalo konda wake hukubali kwamba limejaa.) Anayevuta pumzi kwa kasi ili "ashibe oksijeni" huishia kupunguza hewa ukaa mwilini na kupata kizunguzungu. Wanafunzi wapya wakati mwingine hukiita kizunguzungu hicho chi.

Cha kuchekesha ni kwamba kanuni ya alfajiri haikuanza na oksijeni hata kidogo. Ge Hong, mwanazuoni wa Kitao (dini ya kale ya China) wa karne ya 4, aliandika kwamba kuanzia saa sita usiku hadi saa sita mchana hewa ni hai, na kuanzia hapo hadi usiku wa manane hewa ni mfu, isiyofaa kwa mazoezi ya pumzi. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,400 kabla mtu yeyote hajaijua oksijeni. Sisi tuliosoma sayansi ndio tuliomvisha Ge Hong koti la maabara bila kumwuliza.

Sasa ule moshi wa mzee.

Lifikirie friza la dukani, lile la kulala linalofunguliwa kwa juu. Muuzaji huinua mfuniko, akainama akitafuta soda iliyoganda vizuri, akaongea na simu, na ubaridi haukimbii. Hewa baridi ni nzito. Hutulia chini kama maji kwenye beseni. Unaweza kuliacha wazi kitambo na samaki wa chini wasijue.

Mji nao hufanya hivyo usiku. Mchana jua hupasha ardhi, ardhi hupasha hewa inayoigusa, na hewa hiyo hupanda kama mapovu ya uji sufuriani, ikiondoka na moshi na vumbi. Juu huko hewa ni baridi zaidi. Kwa wastani hupoa nyuzi sita na nusu kila ukipanda mita 1,000, ndiyo maana Lushoto hulala na blanketi wakati Tanga inalala na feni. Lakini usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hulitupa joto lake angani na kupoa upesi. Hewa inayoigusa hupoa nayo, na ile ya juu hubaki na joto. Mpangilio umepinduka: baridi chini, joto juu. Uji umezimwa, friza limewashwa.

Moshi unaotoka kwenye bomba hupanda kwa sababu una joto kuliko hewa iliyouzunguka. Unapopanda, hupoa. Ukifika kwenye tabaka la joto, unakuta hewa nyepesi kuliko wenyewe, na hauna tena kinachousukuma juu. Basi hujinyoosha ubavu. Aliyekulia Njombe au Limuru ameiona picha hiyo: jiko la jirani linafuka, moshi unapanda urefu wa mnazi hivi, kisha unakatika kana kwamba umegusa dari na kutandaa bondeni kama shuka. Huo ndio moshi uliolala. Chochote kilichotoka tangu jioni, cha mkaa, dizeli au taka, kimebaki chini ya dari hiyo, katika kimo cha pua.

Dari huondoka jua linapoipasha tena ardhi ya kutosha, na hilo halitokei linapochomoza. Huhitaji saa mbili tatu, na zaidi wakati wa baridi. Kwa hiyo dakika zile ambazo anga linapendeza, ndege wanaanza na roho inaona imewahi, mara nyingi ndizo ambazo hewa ya mjini imechacha kuliko wakati wowote wa asubuhi. Beijing ina ziada yake: milima ya Taihang magharibi na ya Yan kaskazini huifanyia kingo za beseni, na kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi mitambo ya kupashia nyumba joto hufanya kazi usiku kucha. Mwaka 2013 wastani wa chembechembe laini, zile za PM2.5 zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, ulikuwa karibu mikrogramu 90 kwa kila mita ya ujazo. Kufikia 2021 ulikuwa umeshuka hadi 33, kazi kubwa kwa kweli, ingawa kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni 5. Nami nilichagua saa hiyo kuvuta pumzi ndefu za kujaza tumbo.

Isichukuliwe kwamba saa tatu ni dawa. Kuna siku za baridi ambazo dari halivunjiki hata adhuhuri. Kiangazi, jua kali likipiga moshi wa magari, ozoni, gesi inayowasha mapafu, huongezeka mchana na asubuhi ndiyo inayokuwa afadhali. Usiku ukiwa na upepo au mawingu mazito, friza haliwaki kabisa. Ndiyo maana mzee hakunitajia saa. Alinionyesha bomba.

Kwa upande wa mahali, dari hilo lina maana moja iliyo wazi: epuka pa chini. Hewa baridi hutiririka usiku kufuata mteremko na kutuama mabondeni, pamoja na ilivyobeba. Ukingo wa mto uliozama kati ya majengo, mzuri kwenye picha, unaweza kuwa shimo la moshi. Mwinuko mdogo wa mita chache ndani ya bustani, mbali na barabara, ni bora.

Upepo ni mgogoro mwingine. Tiba ya Kichina huuhesabu upepo kuwa kiongozi wa magonjwa mia, na walimu wa chi kung husisitiza usisimame panapopuliza, hasa mgongoni. Mswahili hashangai, kwetu pepo na upepo ni neno la ukoo mmoja, na watu wamepungwa kwa sababu hiyo. Ukiacha magonjwa mia, kuna sababu ya kawaida: baada ya robo saa ya kusimama magoti yamekunjwa unatoka jasho, na upepo ukilikausha hukuibia joto haraka kuliko unavyodhani. Tena macho yamefumbwa nusu, na mwili usiotumia macho huyumba zaidi. Kwa hiyo pia hutafutwa pa tambarare. Tatizo ni kwamba upepo huohuo wa kaskazini-magharibi, unaotoka upande wa Mongolia, ndio unaoisafisha Beijing. Mzee alilitatua kwa namna yake: siku ya upepo hakuja. Kesho yake, upepo ukishatulia, alikuwepo, na anga lilikuwa buluu kama kibandiko.

Na ule upande wa kusini wa mzee? Jua la Desemba la Beijing, hata adhuhuri, halipandi zaidi ya nyuzi 27 hivi kutoka upeo wa macho, tena upande wa kusini. Anayesimama kusini mwa shina huota jua usoni na mti humkinga mgongo. Waalimu watakupa maelezo marefu ya yin na yang. Sina ugomvi nayo, lakini paka wa bustani hulala upande huohuo.

Je, mti wenyewe basi ni pambo? Hapo ushahidi unakuwa mwembamba. Baadhi ya walimu hutofautisha: msonobari kwa ugonjwa huu, saipresi kwa ule. Sijaona kipimo kinachounga mkono hilo. Japani, ambako idara ya misitu ilibuni jina la "kuoga msitu" mwaka 1982, tafiti kadhaa zimeona shinikizo la damu na homoni za msongo vikishuka kwa watu waliotembea msituni. Nyingi ni ndogo, na zina shida isiyo na dawa: huwezi kumficha mtu kwamba yuko msituni. Kivuli, ukimya na kuwa mbali na barabara vinatosha kueleza sehemu kubwa. Mti hukata upepo, na pia hukupa tawi la kutundikia chai.

Niliporudi pwani nilijiambia kwamba huku hakuna beseni wala mitambo ya joto, basi ufukweni alfajiri ni ruksa. Lakini usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, na upepo wa asubuhi hutoka bara kwenda majini. Wavuvi huuita umande, nao ndio unaowatoa kwenda kuvua. Nilisimama mchangani nimeelekea mawio, pumzi ndefu, na nyuma yangu mtaa mzima ulikuwa umeanza kuwasha mkaa na kuchoma taka za jana. Moshi ulinipita begani, chini kabisa, ukiwafuata wenye mashua. Siku hizi natoka saa nne, upepo wa bahari ukishageuka, na nasimama nyuma ya mvinje.